Kupunguzwa Kazi Baada ya Miaka Mingi kwa Mwajiri Mmoja

Mfanyakazi anayepunguzwa kazi baada ya kumtumikia mwajiri mmoja kwa miaka kumi na mitano au ishirini hupata hasara mbili kwa mpigo, nazo hazina asili moja. Ya kwanza ni kukatika kwa mshahara, ambako kila mtu hukuona mwisho wa mwezi. Ya pili ni kushuka kwa thamani ya ujuzi wake katika soko la ajira, ambako hakuonekani mpaka barua za maombi zianze kukosa majibu. Ushauri mwingi anaopewa na ndugu, majirani na wenzake wa zamani huilenga hasara ya kwanza peke yake, ndiyo maana huambiwa afungue duka, anunue bajaji au afuge kuku wa mayai kabla hata ya kulipwa stahiki zake zote. Msimamo wa safu hii ni kwamba hasara ya pili ndiyo kubwa na ndiyo hudumu, na kwamba hakuna njia ya kuikabili isipokuwa kutenganisha kwa makusudi ujuzi ambao ni mali ya mfanyakazi na ule uliokuwa na maana ndani ya kampuni tu, kazi inayohitaji utulivu ambao hupatikana pale tu mambo ya sheria na ya fedha yanapowekwa sawa katika wiki za mwanzo.

Kupunguzwa kazi si adhabu, na jambo hili linastahili kusemwa waziwazi kwa sababu mitaani swali la kwanza huwa ni kosa gani mtu huyo alilifanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hukutenga na kuachishwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu au kushindwa kazi, na hukuita kusitishwa kwa ajira kwa mahitaji ya uendeshaji, yaani mahitaji ya mwajiri ya kiuchumi, ya kiteknolojia, ya kimuundo au yanayofanana na hayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakwenda mbali zaidi, kwani inakueleza kuwa ni kupoteza kazi pasipo kosa la mfanyakazi, kwa uamuzi wa mwajiri, pale huduma yake inapokuwa haihitajiki tena. Anayeificha barua yake kwa aibu na kuendelea kutoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa nguo za kazi anabeba lawama ambayo hata sheria haikumpa, na kwa kuificha anajinyima watu ambao wangemsaidia mapema.

Ili kuelewa kwa nini miaka mingi huongeza maumivu badala ya kuyapunguza, inafaa kurejea tofauti iliyoelezwa na mwanauchumi Gary Becker katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu rasilimali watu, yaani maarifa na uwezo wa mtu unaomletea kipato. Becker alitenga ujuzi wa jumla, ambao mtu huhama nao kwenda kwa mwajiri yeyote, na ujuzi mahususi, ambao huzaa matunda ndani ya kampuni moja tu. Mtunza ghala aliyekaa miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja anajua ni msambazaji yupi huchelewesha mzigo msimu wa mvua, ni mashine ipi hula vipuri, na ni meneja yupi apigiwe simu ili hati ya kutolea bidhaa isainiwe kabla ya saa sita. Maarifa hayo yalikuwa na thamani kubwa kwa kiwanda, na sehemu ya mshahara wake, hasa ile iliyopanda mwaka hadi mwaka, ilikuwa malipo ya maarifa hayo, lakini siku anapotoka getini hakuna mwajiri mwingine anayeyahitaji. Anachobaki nacho ni ujuzi wa jumla, ambao kwa bahati mbaya hajawahi kuulizwa auonyeshe tangu siku ya usaili wake wa kwanza.

Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili ni wa Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, uliochapishwa mwaka 1993, ambao ulifuatilia mapato ya wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani waliokuwa wamekaa kwa mwajiri mmoja kwa miaka sita au zaidi kabla ya kampuni zao kudorora. Watafiti hao waligundua kwamba hasara yao ya muda mrefu ilifikia wastani wa takriban asilimia 25 ya mapato kwa mwaka, na kwamba mapato yalianza kushuka hata kabla ya siku ya kuachishwa. Hali ya Pennsylvania si hali ya Tanga wala ya Thika, lakini utaratibu unaozaa hasara hiyo ni uleule, na kuna sababu ya kuamini kwamba katika Afrika Mashariki unauma zaidi, kwa kuwa sekta rasmi ni ndogo na viwanda vya aina moja ni vichache. Fundi wa tanuru la saruji hawezi kuvuka barabara akakuta kiwanda kingine cha saruji kinachomsubiri.

Kuna pia hasara isiyohesabika kwa fedha. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kijiji kizima kufungwa, na katika ripoti yao ya mwaka 1933 walionyesha jambo lililowashangaza wengi: watu walipopata muda mwingi zaidi, vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua badala ya kuongezeka. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu, mbali na mshahara, mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi na shughuli ya kudumu. Aliyekaa kazini miaka miwili ana vyanzo vingine vya mambo hayo, ilhali aliyekaa miaka ishirini mara nyingi amevipata vyote mahali pamoja, hata chama chake cha kuzikana na kikundi chake cha kuweka na kukopa vikiwa vya hapo hapo kazini, hivyo barua moja huviondoa vyote.

Siku thelathini za mwanzo

Kosa la kawaida kuliko yote katika wiki za mwanzo ni kudhani kwamba stahiki ni jambo la idara ya utumishi na kwamba kazi ya mfanyakazi ni kusubiri. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hakuna chama, kuhusu sababu za kupunguza, hatua za kuepusha au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda wake, na kiinua mgongo. Mashauriano haya hufanyika kabla ya uamuzi, hivyo kikao ambacho orodha ya majina imeshachapwa hakitoshi kuitwa mashauriano. Anayeona kwamba hakutendewa haki anapaswa kuufikisha mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kwake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi huipoteza nafasi hiyo kwa kungoja kwanza waone kiasi kitakachoingia benki.

Kiasi chenyewe huwashtua wengi. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo nchini Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,300,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki na ambaye mshahara wake hugawanywa kwa 26 ili kupata malipo ya siku, ana shilingi 50,000 kwa siku. Kwa siku 70, yaani 7 mara 10, atapata shilingi 3,500,000, na hesabu hiyo haibadiliki awe ametumikia miaka 10 au miaka 22. Miaka kumi na miwili ya mwisho haimo katika hesabu ya lazima. Nchini Kenya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili, bila kuweka ukomo wa miaka, kwa hiyo mwenye miaka 22 angelipwa siku 330. Ukomo wa Tanzania ni dhuluma kwa mfanyakazi wa muda mrefu, kwa sababu unamwacha bila fidia kwa miaka ileile ambayo ujuzi wake ulizidi kufungwa ndani ya kampuni, na hakuna hoja ya haki inayoweza kuutetea.

Hata hivyo kiwango cha sheria ni sakafu, wala si dari. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kuweka kiwango cha juu, na mfanyakazi anapaswa kuusoma upya wakati wa mashauriano hata kama alikuwa haendi vikaoni. Zaidi ya kiinua mgongo, anastahili notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au malipo badala yake, malipo ya likizo ambayo hajaichukua, na hati ya utumishi. Aliyeajiriwa Mwanza na kupunguzwa akiwa Dar es Salaam anastahili pia usafiri wa kumrudisha mahali alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo. Haki hii husahauliwa mno na watu wa muda mrefu, kwa sababu mkataba unaoonyesha mahali pa kuajiriwa ulisainiwa zamani na nakala yake imepotea. Asiyekuwa na nakala na aiombe kwa maandishi mapema, kabla ofisi hazijahama na maofisa waliomfahamu hawajaondoka nao.

Hatari nyingine imejificha katika maneno ya barua. Baadhi ya waajiri humwomba mfanyakazi aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, kwa ahadi ya malipo mazuri kidogo na ya haraka. Fao la kukosa ajira linalotolewa na mfuko wa hifadhi ya jamii, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi 6 kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Sentensi moja ya kuonyesha upole, kwamba ameamua mwenyewe kupumzika, inaweza kumgharimu miezi sita ya msaada na kumfungia mlango wa Tume. Vilevile anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa na mwajiri wake anaweza kupoteza kiinua mgongo, kwa hiyo jibu lake kwa ofa ya namna hiyo linapaswa kuandikwa kwa uangalifu na sababu zake zitajwe, kama vile umbali, kushushwa cheo au kupunguzwa mshahara.

Wapo wanaoamini kwamba madai yakiwa ya haki fedha itakuja tu, na kwamba maisha yanaweza kupangwa juu ya fedha hiyo. Historia ya ukanda huu haiungi mkono imani hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege walipoteza mwajiri wao kwa pamoja; mkataba wa kugawana mali na madeni ulifikiwa mwaka 1984, na bado katika miaka ya 2000 wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa wakidai mafao yao jijini Dar es Salaam, huku wengi wa wenzao wakiwa wameshafariki. Dai linapaswa kufuatiliwa kwa bidii yote, lakini chakula cha nyumbani na ada za watoto zisipangwe kwa kulitegemea.

Fedha ya mkupuo na imani ya mtaji

Fedha ikishalipwa, imani iliyoenea zaidi ni kwamba lazima igeuzwe mtaji mara moja, maana ikikaa itaisha. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani fedha isiyo na mpango huisha kweli, lakini inapuuza kwamba biashara ndogo ni fani yenye ujuzi wake mahususi, na kwamba aliyetumia miaka ishirini akipanga ratiba za uzalishaji hajui bei za jumla za mchele Kyela wala tabia za wateja wa mtaa wake. Huyu ametoka tu kupoteza thamani ya ujuzi mahususi mmoja, na sasa anaweka akiba yake yote katika shughuli inayodai ujuzi mahususi mwingine ambao hana. Kilicho salama zaidi ni kuigawa fedha hiyo kwanza kwa miezi ya matumizi ya lazima, angalau sita, kisha kulipa au kupanga upya madeni, na kilichobaki ndicho kijaribiwe katika biashara, kwa kiasi kidogo na kwa msimu mzima.

Suala la madeni haliwezi kupitwa hivihivi, kwa sababu mfanyakazi wa muda mrefu ndiye benki na SACCOS walimwamini zaidi, na mara nyingi anaondoka na mkopo wa mshahara uliobakiwa na miaka mitatu au minne. Mkopo huo uliandaliwa juu ya makato ya mwajiri, na makato yakikoma mkopeshaji huanza kuhesabu ucheleweshaji pasipo kujali sababu. Mkopaji anapaswa kwenda benki na barua yake ya kupunguzwa kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, aombe muda wa marejesho urefushwe, na aulize kama bima ya mkopo inagusa kupoteza ajira, maana wapo wanaolipia bima pasipo kusoma kinachofidiwa. Wadhamini wake katika SACCOS nao waelezwe mapema, kwani kwao deni hili litageuka makato ya mshahara wao wenyewe.

Kazi ya kutenganisha ujuzi ndiyo hupuuzwa kuliko zote, ingawa ndiyo yenye faida ya kudumu. Msingi wa upuuzaji huo ni dhana kwamba uzoefu hujieleza wenyewe, na kwamba miaka kumi na tisa ikitajwa katika wasifu itatosha kumshawishi msomaji. Mwajiri mpya huisoma miaka hiyo vingine kabisa. Anaiona kama mazoea ya mahali pamoja, na cheo cha ndani kama Msimamizi wa Ghala Daraja la Pili hakimwambii lolote. Mtunza ghala aliyetajwa hapo juu afute cheo hicho na aandike kwamba alisimamia uhesabuji wa bidhaa kila robo mwaka, kwamba alilinganisha rekodi za kompyuta na bidhaa zilizopo kwenye rafu na kueleza tofauti zake, kwamba alipokea na kukagua mizigo iliyotoka bandarini pamoja na nyaraka zake za forodha, na kwamba aliwafundisha wasaidizi wapya kuendesha foklifti. Kila sentensi hapo inaeleweka katika hospitali, katika shirika la misaada, katika duka kubwa la jumla na katika kampuni ya ujenzi. Daftari la kawaida linatosha kwa kazi hii: kwa jioni kadhaa aandike kila jambo alilokuwa akilifanya, kisha akate yale yanayohitaji kuijua kampuni ile ili yaeleweke.

Kwa wale ambao ujuzi wao ni wa mikono na hawana cheti, Tanzania ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, unaotekelezwa kupitia VETA, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anazoweza kuzifanya, hujazwa mapengo na kupewa cheti. Fundi umeme aliyejifunza kiwandani kwa miaka ishirini akimsaidia mhandisi hana sababu ya kuomba kazi kama kibarua kwa kukosa karatasi. Anayebakiza miaka michache kufikia miezi 180 ya michango, ambayo ndiyo sharti la pensheni ya uzee, naye afikirie kuendelea kuchangia kwa hiari badala ya kuutazama mfuko kama akaunti ya kutolea fedha, kwa sababu tofauti kati ya pensheni ya kila mwezi mpaka kufa na malipo ya mara moja huonekana pale nguvu zinapokwisha.

Katika kutafuta kazi, mazoea humpeleka mtu kwa wenzake wa karibu, ambao kwa bahati mbaya wamepunguzwa naye siku moja na wanajua nafasi zilezile anazozijua yeye. Mwanasosholojia Mark Granovetter alipowachunguza wanaume wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao, aliona kwamba walio wengi waliipata habari ya kazi kutoka kwa mtu waliyekutana naye mara chache tu, si rafiki wa kila siku. Kwa mfanyakazi wa muda mrefu watu hao ni wengi kuliko anavyodhani: madereva wa wasambazaji, wakaguzi wa hesabu waliokuja kila mwaka, mawakala wa forodha, wateja wakubwa, na wale walioihama kampuni miaka kumi iliyopita. Kuwapigia simu na kuwaeleza kwa ufupi anachoweza kufanya si kuombaomba, na ratiba ya simu hizo asubuhi, siku maalumu za wiki, huirudisha sehemu ya mpangilio wa siku ambao Jahoda aliuona ukiwapotea watu wa Marienthal.

Mfanyakazi hawezi kuachiwa mzigo huu peke yake. Vyama vya wafanyakazi, TUICO ikiwa mojawapo ya vile vinavyogusa viwanda na biashara, vina nafasi ya kudai katika mikataba ya hali bora kwamba kiinua mgongo kihesabiwe kwa miaka yote, na Bunge la Tanzania lina uwezo wa kuuondoa ukomo wa miaka 10 kwa marekebisho mafupi ya kifungu kimoja. Mwajiri naye ana jambo dogo la kufanya ambalo halimgharimu fedha. Hati ya utumishi kwa kawaida hutaja jina, cheo, tarehe ya kuanza na ya kuondoka, na huishia hapo. Wakati wa mashauriano wafanyakazi waombe kila anayeondoka aandikiwe na mkuu wake wa idara barua ya ukurasa mmoja inayoeleza mashine alizoziendesha, programu alizozitumia, idadi ya watu aliowasimamia na kiwango cha fedha au mali alichokabidhiwa, ikiwa na saini na namba ya simu ya ofisi ambayo mwajiri mpya anaweza kuipiga, na barua hiyo ikabidhiwe kabla ya siku ya mwisho ya kazi.